Kodi ikusanywe popote, ila irudi Kidahwe

Kidahwe ni njiapanda. Barabara inayotoka Kigoma mjini inafika hapo na kugawanyika: moja inapanda kuelekea Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, nyingine inashika njia ya Uvinza na mto Malagarasi. Maharage ya Kasulu, chumvi ya Uvinza, mawese ya vijiji vya jirani, dagaa na migebuka wa ziwani, vyote vina sababu ya kupita hapo. Na mahali mali inapopita, tangu zamani, ndipo anaposimama mtu wa kudai chake.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita nchi hii akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone. Katika hatua za mwisho za safari yake, jambo alilolilalamikia sana ni hongo, yaani malipo ambayo misafara ilitoa kwa watawala ili iruhusiwe kupita. Kuvuka Malagarasi kulikuwa na malipo yake kwa mtawala wa Uvinza. Kuingia Uha kulikuwa na malipo mengine, na alipokwisha kulipa akaambiwa kwamba mbele wapo wengine wanaosubiri sehemu yao. Stanley akamlipa mtu wa kumwongoza, akaondoka usiku na msafara wake kimya kimya, akapenya porini hadi akaiacha Uha nyuma. Waha na Wavinza walikuwa na haki ya kutoza: nchi ilikuwa yao, kivuko kilikuwa chao. Tatizo ni kwamba kila mtawala alitoza kivyake bila kujua wala kujali mwenzake ametoza nini, na mwisho mlipaji akakimbilia porini, wa mbele wakakosa kabisa.

Kisa hicho kina uzito hadi leo katika mjadala wa nani akusanye kodi za mitaa. Hoja ya wanaotaka Serikali Kuu ikusanye kila kitu inaanzia hapo hapo: wakusanyaji wakiwa wengi, mfanyabiashara anachoka, anakwepa, biashara inadumaa. Hoja hiyo ni ya kweli, na anayeipuuza hajawahi kuona dereva wa fuso akihangaika na risiti za halmashauri tatu kwa shehena moja ya maharage.

Kwa muda mrefu sheria yenyewe ilichangia usumbufu huo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka 1982 iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa mazao, na kiwango kilifika asilimia 5 ya bei ya kununulia. Ukisoma sheria, mlipaji ni mnunuzi. Ukienda shambani, mnunuzi anaukata ushuru huo kwenye bei anayompa mkulima kabla hajatoa hata shilingi mfukoni mwake. Ndiyo maana mabadiliko ya mwaka 2017 yalipokelewa vizuri vijijini: ushuru ukashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa kabisa. Mama anayetoa magunia machache ya maharage Kasulu kwenda kuyauza Kigoma mjini akapita Kidahwe bila kusimamishwa. Serikali Kuu ilifanya jema hapo, na lisemwe kuwa ni jema.

Lakini kupunguza kero za ushuru ni jambo moja, na kuhamisha mapato ya mitaa kwenda mfuko wa mbali ni jambo jingine. Katika miaka hii ishirini na ushei mambo haya mawili yamesafiri pamoja kiasi kwamba wengi wanadhani ni jambo moja.

Mwaka 2003 ndipo kodi ya maendeleo ilipofutwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeililia kodi ile. Ilikuwa ya kichwa, ilimlinganisha maskini na tajiri, na ukusanyaji wake ulikuwa wa mgambo na vizuizi vya barabarani. Odd-Helge Fjeldstad wa Norway na Joseph Semboja wa Tanzania waliichunguza kwa kina, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mwananchi hulipa au kukataa kulipa kutokana na mambo yanayoeleweka: je, anaona huduma, je, wenzake wanalipa, je, kuna uwezekano wa kukamatwa. Ilipofutwa, pamoja na kodi nyingine ndogondogo zilizoonekana kuwa kero, Serikali Kuu iliahidi kuzifidia halmashauri kwa ruzuku. Ruzuku ilikuja. Ila ruzuku hupangwa na anayetoa. Inategemea bajeti ya mwaka, hali ya makusanyo na vipaumbele vya Dodoma, na halmashauri haina cha kudai mahakamani inapochelewa au kupungua. Chanzo kilichokuwa cha halmashauri kwa sheria kikageuka kuwa hisani ya kila mwaka.

Kisha ikaja zamu ya majengo.

Kodi ya majengo duniani kote ni kodi ya mitaa kwa asili yake. Nyumba haihami. Thamani yake inapanda kwa sababu ya barabara iliyochongwa mbele yake, mfereji uliozibuliwa, taka zilizozolewa, soko lililo jirani, na kazi hizo ni za halmashauri. Mwaka 2008 Serikali ilijaribu jambo Dar es Salaam: Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ikapewa kazi ya kukusanya kodi ya majengo kwa niaba ya manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwaka 2014 kazi ikarudishwa manispaa. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ikairudisha TRA, safari hii kwa nchi nzima kwa awamu, na mwaka 2017 ada za mabango nazo zikafuata. Mwaka 2018 kiwango kikafanywa kimoja, shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2021 kikapanda hadi shilingi 12,000 kwa mwaka, na kuanzia tarehe 20 Agosti mwaka huo makusanyo yakaingizwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: shilingi 1,000 ikawa inakatwa kila mwezi mtu anaponunua umeme, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda tena, 1,500 na 7,500.

Kwa upande wa ukusanyaji, LUKU ni njia yenye nguvu. Haina mgambo, haina foleni, haina afisa wa kupewa kitu kidogo. Mkazi wa Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, analipa kodi yake akiwa amekaa sebuleni na simu mkononi. Waliopanga njia hii wanastahili sifa kwa kuumaliza ukwepaji ambao manispaa zilishindwa nao kwa miongo. Ina kasoro, na inayouma zaidi ni kwamba mpangaji ndiye anayenunua umeme huku kodi ikiwa ya mwenye nyumba. Walielekezwa wamalizane wenyewe, na kila aliyewahi kupanga chumba anajua mazungumzo hayo huishaje. Hata hivyo, kasoro za namna hiyo zinarekebishika.

Kasoro ya kiwango kimoja ni kubwa kuliko hiyo. Nyumba isiyo ya ghorofa Masaki, Dar es Salaam, yenye bustani na bwawa la kuogelea, inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya vyumba vitatu Ujiji, yenye bati lililopauka na balbu chache, inalipa shilingi 18,000 hizo hizo. Mkusanyaji aliye mbali hawezi kuijua nyumba, anaijua mita. Kwa hiyo kodi iliyokusudiwa kupima thamani ya mali imegeuka kuwa kodi ya kichwa ya nyumba, ndugu wa karibu wa ile iliyofutwa mwaka 2003 kwa kuwa haikutofautisha mwenye nacho na asiye nacho. Diwani na mtendaji wa mtaa wanaijua kila nyumba iliyo katika eneo lao, ya nani, imejengwa kwa nini, inapangishwa kwa kiasi gani. Ujuzi huo haupo Dodoma wala hautaweza kuwapo, hata kompyuta ziwe bora kiasi gani.

Na sasa swali kuu: fedha ikishakatwa kwenye umeme wa Ujiji, inakwenda wapi? Inakwenda kwenye mfuko wa Serikali Kuu, kisha inagawanywa kwa taratibu za bajeti. Serikali imekuwa ikieleza kwamba halmashauri zinapata mgawo. Hata hivyo mgawo huo haumfikii mwananchi kama taarifa. Hauwekwi mbele yake kwa namna ambayo anaweza kusema: mtaa wetu una mita kadhaa, zimelipa kiasi hiki, kimerudi kiasi hiki. Kodi ya majengo imekuwa sehemu ya bei ya umeme, na mlipaji wake hata hakumbuki kwamba ni kodi, wala kwamba ana haki ya kumuuliza mtu.

Kigoma inaathirika na hili kuliko mikoa mingi, na sababu zake ziko wazi. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya taifa. Ni Oktoba 2022 tu Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda kuzima jenereta za Kasulu na Kibondo baada ya miji hiyo kuunganishwa na gridi, na ni Kidahwe hapo hapo ambako kimejengwa kituo kikubwa cha kupoza umeme, mwisho wa njia ya msongo wa kilovolti 400 inayotoka Nyakanazi. Umeme wa uhakika unaingia, mita zinaongezeka, na kila mita mpya ni mlipakodi mpya. Mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967 unaingizwa kwa kasi kwenye kodi ya majengo, wakati halmashauri zake nane hazina mamlaka juu ya kodi hiyo.

Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, ambayo Kidahwe ni mojawapo ya kata zake, inabaki kutegemea kile kinachovuliwa na kinacholimwa. Vyote viwili havina uhakika. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Uamuzi ulikuwa sahihi, na wavuvi wengi wenyewe walikuwa wamekwisha kuona wavu unavyorudi mwepesi. Lakini ushuru wa samaki ulisimama pamoja na mitumbwi. Mialo ikatulia, magenge ya dagaa yakakonda. Katika miezi hiyo mitatu nyumba za Kigoma hazikupumzika kulipa: LUKU iliendelea kukata kila mwezi kama kawaida. Chanzo pekee ambacho kingeipa halmashauri ya ziwani mapato ya uhakika wakati ziwa limefungwa ndicho kilichoondolewa mikononi mwake.

Mawese nayo yana hesabu yake. Tangu Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alipokuja mwaka 2018 kufufua kilimo cha michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI kikaanzishwa Kihinga, miche bora imesambazwa vijijini. Mchikichi hauzai kwa amri ya Waziri Mkuu. Unataka miaka mitatu hadi minne. Halmashauri imetumia maofisa ugani na ardhi yake kwa ajili ya zao hilo, na siku mafuta yatakapoanza kutoka kwa wingi, VAT na kodi ya mapato ya viwanda vitakavyokamua vitaingia TRA moja kwa moja, halmashauri ikibaki na ushuru wake wa mazao. Si haramu. Ila ni vyema kila upande ujue umeweka nini na unavuna nini.

Kuna watu wanaotegemea hesabu hii bila hata kujua. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Neno la kushika hapo ni mapato ya ndani. Fedha inayokuja kama ruzuku kutoka Hazina haimo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo chanzo kinapohamishiwa Serikali Kuu, hata kama kila senti ingerudi baadaye kama ruzuku, kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa au kukamua mawese kinapoteza sehemu yake ya asilimia hiyo 10. Hakuna aliyekaa kwenye kikao akaamua kuwanyima. Wamenyimwa na namna mahesabu yalivyopangwa.

Jambo kama hilo lilitokea kwa wachuuzi. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kimoja, na mwenye nacho hakutakiwa kusumbuliwa tena kwa ushuru mwingine. Mchuuzi alipumua, tena alistahili kupumua baada ya miaka ya kufukuzwa na kunyang'anywa bidhaa. Lakini ushuru wa kila siku sokoni ndio uliokuwa ukifagia soko na kulipa mlinzi wa usiku. Mapato yakaondoka, takataka na usiku vikabaki kwa halmashauri.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Halmashauri nazo zimejiharibia jina. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu Serikali za Mitaa zimerudia mwaka hadi mwaka habari ya fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS zisifikishwe benki, mashine zilizozimwa kwa muda mrefu bila maelezo, na wakala wa ushuru wanaodaiwa. Mwananchi anayesema ni afadhali TRA kuliko mtendaji wetu ana ushahidi wake. Kumwambia kwamba halmashauri ni yake haimrudishii shilingi iliyopotea kati ya geti na benki. Yeyote anayetetea mapato ya mitaa bila kulikiri hili anatetea walaji.

Kuna kodi nyingine ambazo kwa kweli halmashauri haziwezi kuzikusanya vizuri peke yazo. Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa, unahitaji mtu awezaye kusoma vitabu vya kampuni. Mhasibu wa wilaya Kigoma atavikagua vipi vitabu vya kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam inayouza bidhaa hadi Kidahwe? TRA inaviona vitabu hivyo kila mwezi. Ingekuwa busara TRA ikusanye, halmashauri ipokee.

Kukusanya kwa niaba, basi, ndilo jambo linalotakiwa kueleweka. Marekani wana uzoefu mrefu katika hili. Katika majimbo mengi miji na wilaya hutoza kodi yake ya mauzo juu ya ile ya jimbo, lakini muuzaji halipi mara mbili kwa ofisi mbili: anawasilisha kila kitu kwa jimbo, na jimbo linaurudishia mji fungu lake. California iliweka utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 1955. Texas hufanya hivyo kila mwezi, na mhasibu mkuu wa jimbo hutangaza hadharani kila mji umepelekewa kiasi gani, huku jimbo likibakiza asilimia 2 kama ujira wa kazi. Diwani wa mji mdogo kabisa anaweza kusoma tangazo hilo na kulinganisha na mwezi uliopita. Louisiana nako walishikilia wilaya zao zikusanye zenyewe, kila moja na ofisi yake, na mwaka 2021 pendekezo la kuunda tume moja ya kukusanya lilipopelekwa kwa wapigakura, walilikataa. Wafanyabiashara wa huko wanalalamika kama madereva wa fuso wa Kasulu. Hata katika mfumo wa jimbo kuna tamaa: Illinois, ikiwa imezama kwenye madeni, mwaka 2017 ilianza kukata asilimia 2 kwenye baadhi ya kodi za mauzo za miji, na miji ikapiga kelele. Kelele zilisikika kwa sababu makato yaliandikwa kwenye sheria kwa tarakimu. Mwaka uliofuata yakashushwa hadi asilimia 1.5.

Hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Rwanda, jirani wa mkoa wa Kagera, tangu mwaka 2014 mamlaka yake ya mapato inakusanya kodi za wilaya kama ya majengo, ya pango na leseni za biashara, kwa niaba ya wilaya zenyewe. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inazipa kaunti kodi ya majengo kama haki yao, na inaitaka Serikali ya Taifa izigawie angalau asilimia 15 ya mapato yake. Mwaka 2020 mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, KRA, ilipopewa kazi ya kukusanya mapato ya Kaunti ya Nairobi, ilikusanya kama wakala. Kodi haikuacha kuwa ya kaunti. Katiba ya Tanzania ina ibara ya 145 na 146 zinazotaka kuwapo Serikali za Mitaa na kueleza kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini haitaji kiwango chochote cha fedha. Madaraka yasiyo na fungu yana historia mbaya hapa. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa kabisa. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Wazee wa Uha wana sababu yao ya kuwa na mashaka. Wajerumani waliweka kodi ya vibanda kwa amri ya mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza. Ili kupata fedha ya kuilipa, vijana wa Kiha walitembea au kupanda treni hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakawa manamba. Kodi ilitoka Kigoma, jasho likatoka Kigoma, na maendeleo yakajengwa kwingine. Hata Waingereza, walipounda hazina za wenyeji baada ya sheria ya mwaka 1926, waliziachia sehemu inayojulikana ya kodi hiyo. Ni aibu kwa nchi huru kuwa na utaratibu usiosomeka vizuri kama ule.

Kinachotakiwa si kuirudisha kodi ya majengo mikononi mwa mgambo. LUKU ibaki. TANESCO ikate, TRA isimamie, mfumo wa malipo wa Serikali ubaki kama ulivyo. Kinachotakiwa ni sheria iseme kwamba fedha hiyo ni mali ya halmashauri tangu dakika inapokatwa, kwamba anayekusanya anabakiza ujira uliotajwa kwa asilimia na si zaidi, kwamba inayobaki inaingia akaunti ya halmashauri kabla ya tarehe fulani ya mwezi unaofuata, na kwamba inahesabiwa kuwa mapato ya ndani, ili asilimia 10 ya vikundi itoke humo. Mita inajulikana ilipo. Kuigawa fedha kwa halmashauri, hata kwa kata, ni kazi ya mashine ya dakika chache.

Kiwango nacho kirudi kwa madiwani, ndani ya mipaka itakayowekwa na Bunge. Baraza la madiwani la Kigoma lina haki ya kuamua kwamba nyumba ya Ujiji yenye vyumba vitatu ilipe pungufu, na hoteli ya ufukweni ilipe zaidi. Likikosea, wapigakura wake wako karibu, wanakutana nalo gengeni na msikitini.

Halmashauri nazo zikubali masharti. Kijiji kina utaratibu wa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu kwenye mkutano mkuu. Mstari mmoja uongezwe kwenye taarifa hiyo: kodi ya majengo iliyokatwa katika kata hii, iliyorudi, na ilichofanya. Halmashauri ambayo mkaguzi ataikuta inalaza fedha za POS nje ya benki isimamiwe kwa karibu hadi ijirekebishe, bila kuadhibu zile zinazofanya kazi vizuri. Kuzinyang'anya zote chanzo kwa sababu ya wezi wachache kunawaumiza wasioiba, na wezi hawaguswi.

Wabunge wa Kigoma, wa chama chochote, hupiga kura kila Juni kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha. Ndipo mabadiliko ya mwaka 2016, 2017, 2021 na 2023 yalipopitishwa, na ndipo yanapoweza kurekebishwa. Wapelekewe hoja hii mapema, kabla ya vikao vya bajeti, na madiwani wa kata zote za mkoa, kuanzia Kidahwe, kwa maandishi na kwa hesabu za mita za kata zao. Na mwananchi anayenunua umeme wiki hii aitazame risiti ya LUKU, asome mstari wa kodi ya majengo, kisha aende kwenye mkutano wa kijiji au mtaa wake akaulize fedha hiyo imerudi kiasi gani.